Kuiandikia Meza ya Wengine: Mwongozo kwa Mwandishi wa Michezo ya Masimulizi

Mtu aliyeingiwa na shauku ya kuandikia michezo ya masimulizi, ile inayochezwa mezani kwa dadu, karatasi na ulimi, aghalabu huwa tayari ana daftari nene, na ndani ya daftari hilo mna dunia nzima aliyoiumba mwenyewe: falme saba, nasaba za wafalme tangu gharika, lugha mbili za majini, na ramani iliyopakwa rangi kwa kalamu za watoto. Nakuomba, msomaji wangu, ikiwa unalo daftari la namna hiyo, ulifunge kwa taadhima, ulitie sandukuni, na usilitaje kwa mhariri yeyote kwa muda wa miaka mitatu ijayo. Silibezi hata kidogo, maana langu mimi lina kurasa mia tatu na nalipenda kama mtu apendavyo jino lake la mwisho. Lakini hakuna mhariri aliyekaa akingojea dunia ya mtu asiyemjua, kwa kuwa kila kampuni ya michezo ina dunia yake tayari, na anachokitafuta kwa mwandishi wa kujitegemea ni mtu wa kuijazia chumba kimoja kilichobaki kitupu, kwa maneno yaliyohesabiwa, kabla ya tarehe iliyotajwa. Iko sababu nyingine ya kulifunga daftari hilo, nayo ni nzito kuliko hii, ila mahali pake ni mbele, tutakapofika kwenye mikataba.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, na wako wengi kwetu, nitaueleza kwa mukhtasari. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, ambaye nitamwita msimulizi, huwaeleza wenzake mahali walipo na mambo yanayowazunguka, na kila mmoja wa hao waliobaki huchukua nafsi ya mhusika mmoja, akanena na kutenda kwa niaba yake, na pale ambapo matokeo ya kitendo yana shaka, dadu hurushwa ili ikate shauri. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974 na kampuni ndogo iliyoitwa TSR, ya mji wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Baada ya huo ikafuata mingine mingi: Traveller wa safari za nyota mwaka 1977, Call of Cthulhu wa vitisho mwaka 1981, Vampire: The Masquerade mwaka 1991, na Pathfinder mwaka 2009. Kila mchezo una kitabu cha kanuni, na juu ya kitabu hicho hujengwa vingine vya nchi, vya wanyama, vya uchawi na vya mikasa, yaani visa vilivyoandaliwa ili msimulizi avichezeshe. Na kwa kuwa nyingi ya kampuni hizi, ghairi ya mbili tatu zilizonenepa, huendeshwa na watu wanaoweza kuenea katika daladala moja na viti vikabaki, sehemu kubwa ya vitabu hivyo huandikwa na watu wa nje wanaolipwa kwa kila neno. Huo ndio mlango tunaoutafuta.

Mlango huu una kizingiti ambacho wengi hujikwaa, na mimi nilijikwaa wa kwanza. Mkasa wangu wa mwanzo niliuandika kwa miezi miwili, na kitovu chake kilikuwa kisima cha kale chini ya magofu ya msikiti, kisima ambacho nilikiandikia kurasa kumi na mbili, nikakitia maji yenye kunong'ona, ngazi ya mawe iliyolika kwa nyayo za watumwa, na jini mwenye majuto. Nikawakusanya wapwa zangu wanne barazani Tanga, usiku wa Ramadhani baada ya futari, nikaanza kuwasimulia. Hawakufika kisimani. Njiani walikutana na nahodha wa jahazi, ambaye mimi nilimweka pale kwa sentensi moja tu ili awaonyeshe njia, wakamwuliza jahazi lake linauzwa kwa kiasi gani. Na hata ulipofika wakati wa daku walikuwa wamekwisha kulinunua kwa mkopo, wameajiri mabaharia, wametweka na kushika njia ya Pemba, nami nimebaki na kisima changu mkononi. Nilikasirika, na hasira ile ilinichukua siku mbili kabla haijageuka kuwa elimu: wapwa zangu hawakukosea. Mimi niliandika hadithi, ilhali nilitakiwa niandike mahali.

Fahamu basi kwamba riwaya ina mwandishi mmoja, lakini mkasa wa mezani una waandishi watano au sita, na yule wa kwanza, ambaye ni wewe, hayupo chumbani wakati kazi inapokamilishwa. Bibi zetu waliposema paukwa walinyamaza kwanza, wakangoja pakawa ya watoto ndipo waendelee. Na ustadi wa kazi hii, kwa kadiri nilivyoufahamu, ni kuandika paukwa nyingi na kumwachia msomaji nafasi ya kujibu. Unamwandikia msimulizi aliyechoka, aliyetoka kazini saa kumi na moja, mwenye wageni wanne wanaokula karanga mezani pake, na ambaye ana nukta chache tu za kuutupia macho ukurasa wako kabla mtu hajamwuliza nini kiko nyuma ya pazia. Ukurasa usiomsaidia mtu huyo, hata ungekuwa na ufasaha wa namna gani, haukutimiza wajibu wake.

Nitakupa mfano, maana jambo hili halielezeki kwa nadharia. Mwandishi mgeni huandika hivi: Mnaingia forodhani kwa hofu kuu, mioyo ikiwadunda, na harufu ya karafuu inawakumbusha utoto wenu, mara mnatambua kwamba mmedanganywa. Sentensi hii yaweza kupendeza katika riwaya, lakini mezani ni dhuluma, kwa sababu imewanyang'anya wachezaji hofu yao, utoto wao na utambuzi wao, vitu vitatu ambavyo ni mali yao halali. Mwandishi aliyekwisha kuadibiwa na wapwa zake huandika hivi: Forodhani, usiku. Taa moja, ya mlinzi. Magunia 40 ya karafuu yamerundikwa mlangoni; moja limepasuka, na kinachomwagika ni mchanga. Mlinzi anamjua aliyeyaleta. Atamtaja akipewa fedha, akitishwa, au akiulizwa na mtu anayemjua mamaye. Asiposemeshwa na mtu, kabla ya alfajiri magunia yatapakiwa jahazini. Haya ni maneno yasiyofika hamsini, na humo mna kitu cha kuonwa, kitu kisicho sawa, mtu mwenye siri, njia tatu za kuipata siri hiyo, na jambo litakalotokea wachezaji wakikaa wakila karanga zao. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa kuliko yote. Dunia ya mkasa lazima iwe na nia yake yenyewe, iendelee kutembea hata kama mashujaa wamelala, la sivyo msimulizi atakuwa akiisukuma kama gari lililoishiwa mafuta. Wala usiifungie siri ya lazima katika chumba kimoja au mdomoni mwa mtu mmoja, kwani chumba hicho watakipita na mtu huyo watamuua.

Kuna pia maandishi ya kusomwa kwa sauti, ambayo katika vitabu vingi hutiwa ndani ya kisanduku ili msimulizi ayasome kama yalivyo. Yaandike machache, sentensi tatu au nne, kisha uyasome kwa ulimi wako ukiwa umesimama. Ukiishiwa pumzi, yakate. Na kuhusu takwimu za wanyama na maadui, nguvu zao, kinga zao na silaha zao, kila kampuni ina namna yake ya kuzipanga, hata mahali pa kuweka koma, nawe unapaswa kuifuata namna hiyo kama mwashi afuatavyo kamba. Mhariri husamehe wazo la kawaida, lakini kupanga upya takwimu za viumbe kumi na wanane usiku wa manane kunamtia chuki ya kudumu.

Elimu hii huipati kwa kusoma peke yake, kama vile bao lisivyofundishika kwa maneno matupu. Mtu anaweza kukariri kwamba ubao una mashimo 32 na kete 64, akazijua nyumba, kichwa na kimbi kwa majina, na bado mzee wa barazani akamfunga kabla kahawa haijapoa. Chagua mchezo mmoja, ucheze, uusimulie wewe mwenyewe kwa watu mara kumi au ishirini, ndipo uandike. Kwa anayeanza bila fedha, lipo jambo la heri lililotokea Januari mwaka 2023: kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo iliinunua TSR mwaka 1997, ilitaka kuibadili leseni ya tangu mwaka 2000 iliyowaruhusu watu wengine kutumia kanuni za Dungeons & Dragons, wachezaji na waandishi wakapiga kelele za kuwafikia hata viziwi, na mwisho wa kelele hizo kampuni ikazitoa kanuni za msingi, zinazojulikana kama SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba wewe, ukiwa Tabora au Kisumu, unaweza kuzichukua bure, ukajengea juu yake mkasa wako, ukauza, ukaufasiri kwa Kiswahili ukipenda, kwa sharti moja la kutaja ulikozitoa. Lakini zingatia kwamba kilichoachiwa ni kanuni hizo, si majina ya miji na mashujaa wa dunia za kampuni hiyo. Huko usiingie bila ruhusa.

Ukishajua kucheza, andika kitu kidogo na ukimalize. Nasema kidogo kwa sababu ya yale niliyoyaona katika sira za waliotangulia. Ed Greenwood, mkutubi wa Kanada ambaye baadaye dunia yake ya Forgotten Realms ilinunuliwa na TSR na kutolewa mwaka 1987, hakuanza kwa kuipeleka dunia hiyo; mwaka 1979 alipeleka katika jarida la Dragon kiumbe kimoja tu, kikachapwa, kisha akaendelea kupeleka makala moja baada ya nyingine miaka na miaka, na kila makala ikidokeza kwa mbali nchi ambayo msomaji hajaambiwa habari zake, hata siku moja wenye kampuni wakamwuliza wao wenyewe kama ana zaidi ya hayo. Keith Baker naye alishinda katika shindano la Wizards la mwaka 2002 la kutafuta dunia mpya, lililopata mapendekezo zaidi ya 11,000, na lililotakiwa katika hatua ya kwanza lilikuwa ukurasa mmoja. Kutokana na ukurasa huo kikatoka kitabu cha Eberron mwaka 2004. Na Tracy Hickman na mkewe Laura walikuwa wamejichapishia mikasa yao wenyewe, na Tracy amesimulia kwamba aliipeleka TSR kwa sababu hakuwa na fedha za kuwanunulia watoto wake viatu. Kampuni ikanunua mikasa, ikampa na kazi, na mwaka 1983 wawili hao wakatoa Ravenloft, ambao watu wanaucheza hadi leo. Mmoja alileta kiumbe, mmoja ukurasa, wengine mikasa iliyokwisha kuchezwa na kumalizika.

Majarida kama Dragon na Dungeon, ambayo yalikuwa ndiyo chuo cha waandishi wapya, yaliacha kuchapwa karatasini mwaka 2007, na kazi yao imeshikwa na masoko ya vitabu vya intaneti. DriveThruRPG humwachia mwandishi asilimia 65 ya bei, au 70 akiahidi kutouza kwingine. Itch.io humwacha mwandishi achague mwenyewe kiasi atakachokatwa. DMs Guild, lililofunguliwa Januari 2016, lina tabia ya pekee: huko unaruhusiwa kutumia hata dunia za Dungeons & Dragons zenyewe, na unapata nusu ya bei, lakini ulichokitia humo huwezi tena kukiuza nje, na waandishi wenzako wa humo wanaweza kukitumia. Kampuni ya Chaosium nayo ina soko la namna hiyo kwa wapenzi wa Call of Cthulhu, na kampuni ya Paizo kwa Pathfinder. Usitarajie utajiri, mkasa wa dola nne ulionunuliwa na watu thelathini huko DMs Guild ni dola sitini, na nimewaona waandishi hodari waliofurahia hata hizo. Tarajia kitu kingine, nacho ni kuwa na kazi mbili au tatu zilizokamilika, zenye jalada na jina lako, ambazo mhariri anaweza kuzifungua na kuzisoma kwa dakika tano. Ahadi haisomeki.

Sasa barua. Kampuni hutoa mialiko ya waandishi mara kwa mara, na kila mwaliko una masharti yake: idadi ya maneno, aina ya faili, namna ya kuandika anwani ya barua. Yafuate masharti hayo kama ibada. Wahariri wengi hutumia masharti kuwa chujio, na walioombwa mfano wa maneno 500 wakaleta 1,400 huachwa kabla ya sentensi yao ya kwanza kusomwa, wala hawaambiwi kwa nini. Barua yenyewe iwe fupi: wewe ni nani, umechapisha nini, umeucheza mchezo wao kwa muda gani, na viungo vya kazi mbili. Usimsimulie mhariri maisha yako, wala usimsifu kupita kiasi, na hapa nasema kwa upole kwa sababu sisi watu wa pwani tumelelewa kutanguliza salamu na dua kabla ya haja, na barua yangu ya kwanza ilikuwa na aya mbili za kumwulizia hali yeye na jamaa zake. Hakunijibu. Wakati mwingine huwa nadhani bado anatafuta haja yangu ilikuwa nini.

Wenzetu wa Marekani hupata njia ya mkato kwa kuhudhuria Gen Con, mkutano mkubwa wa michezo ulioanza Lake Geneva mwaka 1968 na ambao tangu mwaka 2003 hufanyika Indianapolis, ambako mwandishi na mhariri hukutana kwenye meza moja na kucheza. Nauli na viza vinatuzuia wengi wetu, lakini michezo mingi siku hizi huchezwa kwa intaneti, na mtu aliyecheza nawe mara sita, akaona kwamba huna kiburi na kwamba unafika kwa wakati, atakukumbuka akiulizwa na mhariri jina la mwandishi. Na ukiambiwa kazi iletwe Ijumaa, uliza ni Ijumaa ya wapi. Usiku wa manane wa Indianapolis ni kwetu saa moja au saa mbili ya asubuhi ya Jumamosi, kufuatana na majira yao, na usiku huo mmoja wa ziada umeniokoa mimi si mara moja. Nisemalo juu ya muda wa mwisho ni hili tu: ukiona utachelewa, mwarifu mhariri wiki moja kabla, si siku moja baada.

Tuingie katika ujira, mahali ambapo waungwana huona haya na wajanja hunufaika na haya hiyo. Malipo ya kawaida katika kazi hii ni kati ya senti 3 na senti 10 za dola kwa neno. Wapo wanaolipa chini ya hapo, na wachache sana wanaozidisha. Sehemu ya maneno 5,000 kwa senti 5 ni dola 250, na ndani ya fedha hizo mmo kusoma vitabu vyao vya nyuma, kuandika, kuujaribu mkasa kwa watu, na kurekebisha mara mbili baada ya mhariri kuupitia. Kwa hiyo kama una kazi ya ualimu, ya duka au ya benki, ishike.

Mkataba usome mstari kwa mstari, na macho yako yatafute mambo matatu. La kwanza ni haki ya maandishi. Mikataba mingi ya Marekani huihesabu kazi hii kuwa imetendwa kwa niaba ya kampuni, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakimiliki ni ya kampuni na wewe huna haki yoyote ghairi ya ujira wako na jina lako katika orodha ya waandishi. Si dhuluma, maadamu umeridhia na kazi ni ya dunia yao. Lakini hapa ndipo ile sababu ya pili ya daftari niliyoiahidi inapodhihiri, maana mtu aliyeuingiza ufalme wake wa utotoni, na mashujaa wake, na majini wake wenye lugha mbili, katika sehemu ya maneno 5,000, ameviuza vyote kwa dola 250, na akitaka kuandika riwaya juu yavyo miaka kumi baadaye itambidi aombe ruhusa kwa wenye mali. Iandikie kampuni mambo unayoweza kuachana nayo bila kilio.

La pili ni siku ya malipo. Mkataba wangu mmoja ulisema nitalipwa siku thelathini baada ya kitabu kuchapwa, nami nikatia sahihi kwa furaha, nikapeleka maneno 8,000 kwa wakati, nikasifiwa, na kitabu hakikuchapwa kamwe. Fedha zile hadi leo ni za kuhadithia tu. Tangu hapo huomba nilipwe baada ya maandishi kukubaliwa, na kwa kazi kubwa huomba arbuni, na mara nyingi hukubaliwa, kwani waungwana ni wengi kuliko walaghai katika biashara hii. La tatu ni njia ya fedha na kodi. Kabla ya kutia sahihi, uliza fedha zitapita wapi, kwa kuwa si kila huduma ya malipo inayoturuhusu kutuma fedha inaturuhusu pia kuzipokea. Na kampuni ya Marekani itakutaka ujaze hati iitwayo W-8BEN, ambayo ni ya kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa huko. Ujira wa kazi uliyoifanya ukiwa kwako kwa kawaida haukatwi kodi ya Marekani, lakini mrabaha wa mauzo huweza kukatwa asilimia 30 kwa mtu ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani, na Kenya na Tanzania hazina. Hesabu hiyo ifanye mapema.

Kuna jambo ambalo utakutana nalo kwa sababu ya jina lako na anwani yako, nalo nitalieleza kwa urefu kidogo. Katika dunia ya Pathfinder kuna nchi kubwa ya misitu na miji iitwayo Mwangi Expanse, na msomaji wa Nyeri au Murang'a akiliona jina hilo hucheka kwanza, kwani Mwangi ni jina la jirani yake, la mwalimu wake wa hesabu na la utingo wa matatu aliyemdai nauli asubuhi. Kwa miaka mingi nchi za namna hiyo katika michezo ya Wazungu zilikuwa ni ngoma, mikuki na msitu usio na mwisho; kisha wachapishaji wakaona haya, au wakaona soko, na huenda ni vyote viwili. Mwaka 2021 Paizo ikatoa kitabu kizima juu ya nchi hiyo, ikiwashirikisha waandishi wenye asili ya Afrika, wakaijaza miji, vyuo, siasa na watu. Na mwaka 2022 Wizards ikatoa Journeys Through the Radiant Citadel, mikasa kumi na mitatu ya waandishi wasio Wazungu. Basi utaombwa uandike Afrika. Kubali, kwa sharti kwamba unaijua hiyo Afrika unayoulizwa: mtu wa Mombasa hana elimu ya kuzaliwa juu ya Benin au Mali, naye akiulizwa habari za huko inampasa asome kama wengine, au aseme hapana. Lakini yale unayoyajua kweli, yaani kanuni za ubaharia, ugomvi wa mirathi, hila za forodhani, adabu ya kubisha hodi, hofu ya mti fulani ambao watoto hawaruhusiwi kuupitia magharibi, hayo ni hazina ambayo mwandishi wa Ohio hawezi kuipata kwa kusoma, na ndiyo yatakayomfanya mhariri akutafute tena. Na usikubali kuwa mtu wa Afrika tu. Omba pia uandike ngome ya theluji na chombo cha angani.

Nimesema kama kwamba kazi yote ni ya Kiingereza, na kwa sasa fedha nyingi ziko huko, lakini lugha nyingine zilijijengea nyumba zao zenyewe. Wajerumani wana Das Schwarze Auge tangu mwaka 1984. Wajapani waliugeuza mchezo kuwa fasihi: mwaka 1986 jarida la Comptiq lilianza kuchapa masimulizi ya kikao cha mchezo kama kilivyochezwa, na kutokana na masimulizi hayo ikazaliwa Record of Lodoss War, riwaya na kisha filamu za katuni. Kwa Kiswahili uwanja uko wazi, na kizuizi cha kwanza ni msamiati, kwani mwandishi itambidi aamue mwenyewe kama msimulizi aitwe msimulizi au mwamuzi, na dadu ya pande ishirini aiite nini. Nakushauri mkasa mmoja kwa mwaka uuandike kwa lugha ya nyumbani, uwachezeshe watu wasiojua Kiingereza, na usikilize maneno watakayoyatumia wao. Wapwa zangu, kwa mfano, hawakuwahi kusema mhusika, walisema mtu wangu, na tangu siku ile na mimi nasema hivyo.

Ama lile jahazi walilolinunua, nililiandika upya miezi minane baadaye, likawa mkasa wa baharini wa maneno 3,000: nahodha mwenye deni, shehena isiyofunguliwa, na mabaharia wasioaminiana. Nikauchezesha kwa makundi matatu, nikaupeleka kwa kampuni iliyokuwa imetoa mwaliko, na ukakubaliwa kwa senti 4 kwa neno. Katika safari yao niliacha kisiwa kimoja cha kuteka maji, na katika kisiwa hicho nilikitia kisima changu, kimepunguzwa kikawa aya mbili, pamoja na ngazi yake na jini wake. Mhariri alirudisha maandishi baada ya wiki tatu akiwa ameondoa maneno 200 tu, akaandika pembeni kwamba anaomba radhi, kwani kila alipoujaribu mkasa na watu wake, hakuna hata mmoja aliyeshuka kwenda kisimani.